Kompyuta Iliyonyamaza Majengo

Sisi wa Visiwani tumezoea kuusikia mji wa Moshi kwa kahawa yake, kwa ushirika wake na kwa mlima unaousimamia. Leo tunauleta mbele ya wasomaji wetu kwa jambo jingine, ambalo kwa kulitazama ni dogo, lakini lina uzito kwa kila skuli, kila ofisi ya Serikali na kila nyumba inayoanza kutumia kompyuta.

Katika mtaa wa Majengo, mjini Moshi, yuko kijana mmoja fundi wa kompyuta mwenye kibanda chake cha mabati. Hununua mashine zilizokwisha tumika maofisini, akazisafisha, akazitia programu mpya, kisha akaziuza kwa bei ambayo mwalimu au mkulima mdogo anaimudu. Kwa kuwa leseni za makampuni makubwa ni ghali, na kwa kuwa hataki kuuza programu za wizi, mashine zake zote huzitia mfumo huru wa uendeshaji wa jamii ya Linux. Mfumo huo kila mtu ana ruhusa ya kuutumia, kuunakili, kuuchunguza na kuugawa kwa wenziwe.

Tulikuwepo hapo siku alipofika mwalimu mmoja mstaafu, bibi wa heshima, aliyewahi kufundisha Unguja kabla ya kurudi kwao. Mjukuu wake ameolewa huku kwetu. Yeye, kwa maradhi ya magoti, hakuweza kusafiri. Basi jamaa walimpelekea harusi yote ndani ya flashi, tangu kufungwa kwa ndoa hadi kutolewa kwa bibi harusi. Alipoifungua, kompyuta ilimwonyesha kiza kitupu, na sauti isitoke.

"Shikamoo, mwalimu," kijana alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Lakini mashine uliyoniuzia ni bubu. Watu waliniambia cha bure hakina faida, nikawabishia. Leo naona walisema kweli."

"Si bubu, mwalimu. Imefungwa mdomo na sheria za nchi za watu."

Maneno hayo ya fundi ndiyo yaliyotutia hamu ya kuandika makala haya. Wageni wengi wa mifumo huru hupatwa na mkasa kama wa mwalimu yule, nao aghalabu huutupa mfumo siku ya pili, wakiamini kwamba ni dhaifu. Ni vyema basi tujue kufuli iliyowafungia ni ipi, imewekwa na nani, na ufunguo wake uko wapi.

MKEKA ULIOKUNJWA

Picha na sauti zikiingia ndani ya simu hazikai kama zilivyo. Dakika moja tu ya picha safi za video, kama ingehifadhiwa bila kufinywa, ingehitaji zaidi ya gigabaiti 10, na flashi ya mwalimu yule isingetosha hata kwa kuingia kwa bwana harusi. Kwa hiyo simu hufinya picha kwa kanuni za hisabati, kama vile mkeka unavyokunjwa ili upakiwe chomboni. Anayeupokea mkeka hana budi kujua namna ya kuukunjua. Programu ndogo inayofanya kazi hiyo ya kukunja na kukunjua huitwa kodeki. Kompyuta ya mwalimu ilikuwa na kila kitu isipokuwa kodeki ya kuikunjua harusi ile.

Kwa nini haikuwemo? Hapa ndipo linapoingia neno hataza. Hataza ni haki ambayo dola humpa mvumbuzi ili kwa muda fulani, kwa kawaida miaka 20 tangu alipopeleka maombi, mtu mwingine asiutumie uvumbuzi wake bila idhini. Naye mvumbuzi, kwa malipo ya haki hiyo, huieleza hadharani siri ya kazi yake. Kwa mashine ya kukoboa kahawa jambo hili halina utata. Utata ulianza pale baadhi ya nchi, Marekani ikiwa mbele, zilipokubali kutoa hataza kwa mambo yanayofanywa na programu za kompyuta. Mlango huo ulifunguliwa zaidi na hukumu ya Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani ya mwaka 1981, katika kesi ya Diamond dhidi ya Diehr.

Mfano ulio karibu na kila msomaji ni nyimbo za MP3. Njia hiyo ya kufinya sauti ilitengenezwa kwa sehemu kubwa na wataalamu wa Taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani, na jina la MP3 lilichaguliwa mwaka 1995. Wenye hataza walitoza ada kwa wanaotengeneza programu na mashine za kuzipiga nyimbo hizo. Mwaka 2002 kampuni ya Red Hat ya Marekani iliondoa uwezo wa kupiga MP3 katika mfumo wake wa Linux kwa kuziogopa hataza hizo. Hali ilidumu hivyo kwa miaka mingi, hata tarehe 23 Aprili 2017 utaratibu ule wa leseni ulipofungwa, kwani hataza zenyewe zilikuwa zimefikia ukingoni. Tangu hapo MP3 hupigwa katika mifumo huru bila ya hofu.

Hatusemi kwamba mvumbuzi asilipwe. Wataalamu wale walifanya kazi kubwa kwa miaka, na dunia imefaidika nayo. Tatizo liko katika namna ya kutoza. Ada ya hataza huhesabiwa kwa idadi ya nakala. Katika jedwali la ada la H.264, njia ya kufinya video iliyotolewa mwaka 2003 na ambayo simu nyingi bado zinaitumia, nakala 100,000 za mwanzo kwa mwaka ziliwekwa bila malipo, na zinazozidi hapo zikatozwa senti 20 za dola kwa nakala, na senti 10 idadi ikiwa kubwa sana. Kampuni inayouza mashine haipati taabu kulipa; huongeza kwenye bei, na mnunuzi hulipa bila kujua. Lakini mwenye kugawa bure hana daftari la mauzo. Leo amempa mmoja, kesho huyo amewapa kumi, na wale kumi wamewapa mia. Nani atahesabu, na nani atalipa? Ndiyo maana baadhi ya wagawaji wa mifumo huru, hasa wenye ofisi zao Marekani, huamua kuziacha nje kodeki za namna hiyo, kisha wakamwachia mtumiaji azitafute mwenyewe.

Mwaka 2013 kampuni ya Cisco ilitangaza kwamba itaigawa kodeki yake ya H.264 na kulipa ada kwa niaba ya watu wote, kwa sharti kwamba nakala ichukuliwe kwake moja kwa moja. Ni msaada mzuri. Hata hivyo mwenye kutegemea kulipiwa na mwingine yampasa ajue kwamba hisani haina mkataba.

SHERIA INA MIPAKA

Jambo la pili ambalo wageni wengi hawalijui ni kwamba hataza haivuki mpaka kwa kuruka. Hataza iliyotolewa Washington haina nguvu Moshi wala Mjini Magharibi mpaka isajiliwe kwa sheria zetu. Kwa Tanzania Bara, hataza husimamiwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA, chini ya sheria ya mwaka 1987. Kwa kuwa miliki ubunifu si jambo la Muungano, Zanzibar ina Sheria yake ya Miliki ya Viwanda Namba 4 ya mwaka 2008, na usajili uko chini ya BPRA. Isitoshe, Shirika la Biashara Duniani limeziruhusu nchi zenye maendeleo duni, Tanzania ikiwemo, kuchelewa kutekeleza sehemu kubwa ya mkataba wake wa miliki ubunifu hadi tarehe 1 Julai 2034.

Hata matajiri hawakukubaliana katika jambo hili. Tarehe 6 Julai 2005 Bunge la Ulaya lilikataa kwa kura 648 dhidi ya 14 mswada uliohusu hataza za programu. Programu ya kuchezea picha na sauti iitwayo VLC, ambayo fundi wetu wa Majengo aliichagua, ilizaliwa Ufaransa mwaka 1996 katika mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris, nayo huja na kodeki zake yenyewe.

Kijana aliiunganisha kompyuta na mtandao wa simu yake, akaitia VLC na kodeki zilizokosekana. Haikuchukua nusu saa. Bibi harusi alitokeza kwenye kioo, na taarabu ikasikika hadi barabarani. Mwalimu hakusema neno kwa muda. Kisha akamwita mama muuza ndizi wa jirani aje amwone mjukuu wake.

NYIMBO ZINA WENYEWE

Furaha ilipotulia, mwalimu aliuliza swali ambalo wengi huuliza. "Madhali mashine hii ni ya vitu vya bure, basi nitilie na sinema za Kiswahili na zile taarabu mpya."

"Hapo, mwalimu, utanipeleka mahakamani," kijana akajibu. "Mfumo wametoa wenyewe kwa hiari yao. Wale waimbaji hawajatoa."

Jibu hilo lina elimu ndani yake. Hataza hulinda njia ya kufanya jambo. Hakimiliki hulinda kazi yenyewe, kama wimbo, kitabu, filamu au maandishi ya programu. Hakimiliki haihitaji kuombwa wala kusajiliwa. Huzaliwa pamoja na kazi. Kwa Bara iko Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA; kwetu iko Sheria Namba 14 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na COSOZA. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Berne tangu mwaka 1994, na kipimo cha chini cha mkataba huo kwa kazi za maandishi na muziki ni uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwa hiyo kijana anayekaa mlangoni akirusha nyimbo za watu kwenye flashi kwa malipo, bila ya ruhusa, anavunja sheria hata kama kompyuta yake ina mfumo ulio huru kupita yote. Na msanii anayeibiwa si wa Hollywood tu. Ni huyu wa Ng'ambo na wa Temeke, ambaye kodi ya nyumba inamngoja.

Wako wanaodhani kwamba mifumo huru imejengwa kwa kuidharau hakimiliki. Ukweli ni kinyume chake. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, na mwaka 1989 ikatolewa leseni ya GPL. Naye Linus Torvalds wa Finland alianza kazi ya Linux mwaka 1991. Leseni hiyo husimama juu ya hakimiliki: mwenye kazi, kwa haki yake ya kumiliki, anakuruhusu kunakili na kubadilisha, kwa sharti kwamba ukiigawa umpe unayemgawia ruhusa ile ile uliyopewa wewe. Toleo la pili, la mwaka 1991, linaongeza kwamba ikiwa hataza ya mtu inakuzuia kuigawa kwa uhuru huo, basi usiigawe kabisa.

Watu wa Kilimanjaro hawahitaji kufundishwa jambo hili. Anayepanda kutoka Moshi kuelekea vijiji vya mlimani hukutana na mifereji ya asili ambayo Wachaga huiita mfongo. Maji huchepushwa mtoni na kushushwa kwa jasho la watu, yakapita migomba na kahawa ya mashamba mengi. Mfongo una waanzilishi wake, na ukoo wao huheshimiwa. Lakini maji huenda kwa zamu, na kila anayemwagilia ana wajibu wa kutokea siku ya kuusafisha; asiyetokea hutozwa faini au hukosa zamu. Mfongo si mali isiyo na mwenyewe. Una sheria, na sheria yenyewe ndiyo inayoyafanya maji yamfikie wa mwisho.

Iko pia kufuli ya tatu, ambayo si hataza wala si hakimiliki, bali ni fumbo linalotiwa ndani ya sahani ya DVD ili isichezwe ila na mashine zilizoidhinishwa. Kijana wa Norway, Jon Lech Johansen, alikuwa na umri wa miaka 15 mwaka 1999 ilipotolewa programu ya kulifumbua, ambayo yeye alishiriki kuitengeneza. Alishitakiwa kwao, na mwaka 2003 mahakama mbili zikamwona hana hatia, kwani mtu aliyenunua sahani yake kihalali ana haki ya kuitazama. Huko Marekani sheria ya mwaka 1998 inakataza kulivunja fumbo la namna hiyo. Mgeni wa mfumo huru anayeona DVD yake halali haichezi ajue kwamba amekutana na kufuli hii ya tatu.

WAJIBU WA OFISI ZETU

Sasa tuwageukie watumishi wa Serikali, kwa sababu suala hili halikomei kwenye harusi ya mtu mmoja.

Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo zake kwenye sahani za santuri. Mwenye gramafoni, awe Malindi au Mombasa, aliweza kuisikia sauti yake bila ya kuomba ruhusa ya mtengeneza sahani kila alipotia sindano. Leo tunarekodi mengi kuliko yaliyorekodiwa wakati ule: vikao, mashauri ya mahakama, masimulizi ya wazee, ngoma, mafunzo ya skuli. Ofisi nyingi huyahifadhi kwa njia yoyote ambayo kamera au simu imeichagua, na hakuna anayeuliza kama baada ya miaka 30 patakuwa na programu ya kuyafungua, wala nani atalipwa kwa kufungua.

Njia za wazi zipo. Kwa sauti ziko FLAC, ambayo haipotezi kitu katika kufinya, na Opus, iliyofanywa kiwango cha mtandao mwaka 2012. Kwa video iko AV1, iliyotolewa mwaka 2018 na muungano wa makampuni makubwa, ambayo yenyewe yalichoshwa na ada za hataza. Kwa nyaraka za maandishi uko mpangilio wa ODF, uliokubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2006. Hatufichi kwamba AV1 ni nzito kwa mashine kuukuu, na kwamba simu nyingi hurekodi kwa H.264 au kwa njia iliyoifuata. Kwa hiyo shauri letu ni la wastani. Rekodi ya asili isifutwe. Lakini pembeni yake iwekwe nakala ya pili katika njia ya wazi, hasa kwa kumbukumbu ambazo taifa halitaki kuzipoteza.

Pili, katika zabuni za kununua kompyuta, programu au kamera, uwekwe mstari mmoja: kwamba kila jalada litakalotengenezwa na vifaa hivyo liweze kufunguliwa na programu ya mtu mwingine. Mstari huo hauna gharama, na siku ofisi itakapotaka kubadilisha muuzaji utaiokoa.

Tatu, skuli zinazopewa kompyuta zenye mifumo huru zipewe pia saa mbili za mafunzo. Mwalimu aambiwe kwamba wakati wa kuusimika mfumo, baadhi ya mifumo humwuliza kama anataka kodeki za nje. Ajibu ndiyo, na awe na mtandao saa ile. Aambiwe kwamba asiyepata picha asilaumu mashine kabla hajatafuta kodeki. Aambiwe vilevile kwamba uhuru wa mfumo haumpi ruhusa ya kurusha sinema za watu.

Wala tusidhani mambo haya ni ya wageni peke yao. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux uliosaidiwa na wataalamu wa Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili. Iliwezekana kwa kuwa wenye programu hiyo walikuwa wameacha mlango wazi. Hakuna aliyelazimika kupiga magoti kwa kampuni yoyote ili lugha yetu iingie. Mwaka huo huo ulitoka mfumo wa Ubuntu, ulioanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika ya Kusini, ambao jina lake ni ndugu wa neno letu utu.

Tulipoondoka Majengo, mwalimu yule alikuwa ameirudia harusi tangu mwanzo kwa ajili ya majirani waliochelewa. Alitulalamikia jambo moja tu: kwamba hakuna aliyemwambia mapema kuwa tatizo lilikuwa dogo, kwani alikaa siku sita akiamini kuwa harusi ya mjukuu wake imempotea. Siku sita si nyingi. Lakini zipo kanda na majalada katika makabati ya ofisi zetu ambayo yatanyamaza miaka sitini, na siku hiyo hatakuwepo fundi wa kuunganisha simu yake. Wenye dhamana ya kuyatunza wanajulikana, na kazi inaweza kuanza wiki hii.